Hamira Mbili, Tangi Moja

Walikutana kwa kiwiko. Ofisi ya vifurushi ilikuwa imefurika watu, na binti wa maabara, gauni la njano limemganda mgongoni kwa jasho, alimpiga kijana mmoja mbavuni ili alifikie dirisha.

"Dada, umenivunja!"

"Pole, kaka. Mzigo wangu una uhai, ukichelewa unakufa."

Zilikuwa chupa za hamira ya mvinyo. Kijana naye, kumbe, alikuwa fundi wa matangi katika kiwanda cha mvinyo cha kaka yake, mtu mwenye mkono mwepesi na akili nzito. Wiki haikuisha, fundi akawa anamwita binti Hamira, na mwenyewe, bila haya, anaitika.

Zabibu zilipovunwa, Hamira alimpa mbegu mbili za hamira.

"Kila moja na tangi lake, mpenzi. Hii ina jeni za ulafi, inafagia asidi amino zote, chakula cha hamira, siku mbili za kwanza. Hii nyingine inakula taratibu, ila ndiyo inayomaliza sukari. Ukiziweka pamoja, ya pili itakufa njaa."

"Kama mimi usipopokea simu."

"Toka hapa!"

Siku ya sita fundi alipiga. "Mpenzi, tangi kubwa limegoma kuchachuka. Linanuka mayai viza."

"Uliweka ipi?"

"Ile ya taratibu."

Hamira aliagiza sampuli, akaiotesha kwenye visahani. Zikaota hamira mbili. Akavibeba visahani hadi kiwandani, ambako kaka mtu alimpokea na spana mkononi, akavipiga vikapasukia ukutani.

"Umeniuzia sumu, mchawi wewe!"

"Shemeji, humo mna hamira mbili. Zimeishiwa chakula, ndiyo maana zinanuka. Nani kazichanganya?"

Alimtazama fundi. Fundi akatazama viatu vyake.

Kofi la kaka mtu lilimwangusha Hamira chini. Alionja damu, lakini ule ukimya ndio uliomuuma. Akainuka akiyumba.

"Nani kazichanganya?"

Spana ikapanda juu.

"Mimi!" Fundi alijirusha katikati. "Tangi dogo linavuja, kaka. Uliniambia nilizibe, sikuliziba. Nikaogopa, nikazimwaga zote kwenye kubwa!"

Spana ilimshukia begani, mfupa ukalia. Kwa mara ya kwanza maishani alimrudishia kaka yake: alimpiga kichwa cha pua, cha pili, cha tatu, hadi jitu lile likakaa chini likivuja damu.

Hamira alimfunga mkono kwa mtandio wake huku machozi yakimtoka.

"Nikitoka hospitali nakuoa," fundi alisema, meno yakigongana kwa maumivu. "Sema ndiyo, Hamira wangu."

"Nakupenda," alimjibu, na alimpenda kweli. "Ungesema kabla ya kofi, leo ningekuwa mchumba wako."

Aliita gari la wagonjwa, akamshika mkono mpaka likafika. Kisha akaondoka kwa miguu.