Jeli ya Ng'ombe Kwenye Gari la Baba

Kila asubuhi ya likizo, kabla ukungu haujainuka juu ya mashamba ya chai, Chelimo alimshikia mama yake ndoo ya maji ya moto katika zizi la ng'ombe. Mama alikiosha kiwele cha Daisi, akakikausha kwa kitambaa, kisha akachovya vidole kwenye mkebe wa jeli ya kukamulia. Bila jeli hiyo, chuchu za Daisi zilipasuka kwa baridi ya Kimulot, na ng'ombe huyo hakuona haya kupiga teke.

Zamani Mama alikuwa akiimba akikama. Aliimba wimbo mmoja tu wa kanisani, na Daisi alikuwa ameuzoea. Tangu Baba azikwe mwaka uliopita, Mama alikama kimya. Kilichosikika ni maziwa tu yakiingia ndooni.

Upande wa pili wa zizi, chini ya banda la mabati, lilisimama gari la Baba, Probox nyeupe iliyokuwa ikibeba mikebe ya maziwa siku za kazi na familia siku ya Jumapili. Baada ya mazishi lilifunikwa kwa turubai. Hakuna aliyeligusa isipokuwa kuku, ambao walilala juu yake.

Siku moja asubuhi Mjomba Gibson, kaka yake Mama, alifika kutoka Silibwet akiwa na betri mpya. Gari likakohoa, likanyamaza, likakohoa tena, mwishowe likanguruma. Gogo, mama yake Baba, alitoka jikoni akipapasa ukuta. Macho yake yalikuwa yameingiwa na utando mweupe, na sasa aliwatambua watu kwa sauti na kwa mlio wa hatua zao.

"Hilo ni gari la mwanangu," Gogo alisema. "Nani amelikalia?"

"Ni mimi, Gogo. Kesho tunakupeleka hospitalini Bomet. Daktari wa macho anakungoja," Mjomba alijibu. Kisha akamgeukia Chelimo. "Wewe msichana, naona kuku wamefanya kazi yao hapa. Nioshee gari hili, ndani na nje. Nitarudi kesho asubuhi. Maji, sabuni na kitambaa, basi. Usipake kitu kingine chochote. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Mjomba."

Mjomba alipoondoka, Gesare akaja. Alikuwa rafiki yake Chelimo wa darasa moja, na mama yake alichuma chai katika shamba kubwa la jirani. Alisimama mbele ya gari, mikono kiunoni.

"Aii! Kwani hii ni gari ama ni nyumba ya kuku?"

"Shika ufagio, wacha maneno," Chelimo alisema akicheka.

Walianza ndani, kwa sababu Baba alikuwa akianza ndani. Walitoa mikeka ya mpira na kuipiga kwenye nguzo ya ua mpaka udongo mwekundu ukadondoka. Walifagia chini ya viti, wakapata punje za mahindi, majani ya chai yaliyokauka, na kitana kidogo cheusi. Baba alikuwa akichana nywele kwa kitana hicho kabla ya kushuka kanisani. Chelimo alikipangusa kwa sketi yake, akakitia mfukoni. Gesare naye akajifanya hakuona.

Viti vilikuwa na ukungu wa kijani. Walivisugua kwa mswaki mkuukuu na maji ya sabuni, kisha wakaweka sahani ya makaa yasiyowashwa ndani ili yanyonye harufu, kama Gogo alivyowafundisha. Chelimo alipokuwa akisugua kiti cha nyuma, Gesare alifunga mlango kwa mzaha.

Chelimo alivuta kishikio. Mlango haukufunguka. Akaenda mlango wa pili, nao vilevile. Vioo vilianza kuingia mvuke, na kicheko cha Gesare kikasikika kwa mbali, kama kinatoka ndani ya mtungi.

"Gesare, fungua! Si mchezo!"

Gesare alifungua kutoka nje. "Kwani umeogopa? Mbona huu mlango haufunguki kwa ndani?"

"Baba aliuwekea kufuli ya watoto," Chelimo alisema, akihema. Alimwonyesha kitundu kidogo ubavuni mwa mlango, mahali ambapo Baba alizungusha kwa ncha ya ufunguo. "Nilipokuwa mdogo nilifungua mlango tukiwa tunaendeshwa. Akasema utabaki hivyo mpaka niwe mkubwa."

Walimwagia gari maji kwanza ili mchanga uondoke usikwaruze rangi. Wakaosha paa, wakashuka kwenye vioo, wakamalizia na magurudumu. Wakakausha kwa shuka kuukuu. Gari lilikuwa safi. Lakini Chelimo alipokaa kwenye kiti cha dereva, dashibodi ilikuwa ya kijivu, imechoka. Baba alikuwa na dawa ya kopo ya kuing'arisha. Kopo lilikuwa pale pale chini ya kiti, tupu.

"Haifanani," Chelimo alisema. "Jumapili ilikuwa inang'aa mpaka unajiona."

Gesare alitazama zizini. "Lakini si kwenu kuna kitu kinang'arisha mpaka kiwele cha Daisi?"

"Jeli? Mjomba amekataza."

"Mjomba wako ako Silibwet. Haya, mimi naenda, mama ataniita." Gesare alikimbia zake.

Chelimo alikaa kidogo akiitazama dashibodi. Kisha akaleta mkebe. Alipaka kidogo, akasugua, na rangi nyeusi ikarudi kama mpya. Akapaka milango. Akapaka usukani, hasa upande wa kulia ulioliwa na kiganja cha Baba. Akainama, akayaona makanyagio ya miguu, la breki na mengine, yana vumbi, nayo akayapaka yote, mpaka mkebe ukabaki mtupu.

Jioni Mama alirudi kutoka shambani na kikapu cha majani chai mgongoni. Alisimama. Akatua kikapu, akafungua mlango wa dereva, akaweka kiganja juu ya dashibodi. Chelimo alimwona akitabasamu. Hakuwa ameliona tabasamu hilo kwa muda mrefu.

"Mwanangu," Mama alisema, "ni kama Jumapili, baba yako ameingia nyumbani kuchukua Biblia."

Wakati wa kukama, Mama aliuliza, "Chelimo, mkebe wa jeli uko wapi?"

Chelimo alitaka kusema. Lakini aliliona tabasamu lile likiwa bado limebaki kidogo pembeni mwa mdomo wa Mama. "Sijui, Mama," alijibu.

Daisi akapiga teke. Mama akakama bila jeli, polepole, huku akimbembeleza.

Asubuhi iliyofuata mvua nyepesi ilikuwa ikinyesha. Gogo alikaa mbele, amevaa kitambaa chake cha kanisani. Mama na Chelimo walikaa nyuma. Mjomba Gibson alifunga mlango wao kutoka nje, akaingia, akavuta hewa.

"Hapa nimeingia gari la waziri!" alisema. "Kazi nzuri, Chelimo."

Akarudisha gari nyuma. Langoni alikanyaga breki, na mguu wake ukateleza. Gari liliruka kidogo kabla ya kusimama.

"Matope haya," Mjomba alinung'unika. Akapangusa soli ya kiatu kwa gazeti. Kisha akapangusa viganja kwenye suruali. "Na huu usukani, mbona unateleza kama mrenda? Labda ni hii baridi."

Si matope, Chelimo alijua. Wala si baridi. Alifungua mdomo, akaufunga. Gari lilishika barabara ya changarawe katikati ya chai. Kulia na kushoto hapakuwa na kitu ila kijani kilicholowa.

Hapo ndipo Mama alipoanza kuimba. Aliimba chini chini, akitazama nje ya dirisha. Ulikuwa ule wimbo wa zizini. Gogo, kule mbele, akatikisa kichwa akifuata.

Chelimo aliusikiliza wimbo na huku akiutazama mguu wa Mjomba. Kila alipogusa breki, mguu ulihama. Mbele, barabara ilikuwa inakaribia kupinda na kushuka kuelekea daraja la mto. Mteremko ule ulikuwa mkali, na malori ya chai yaliupanda kila asubuhi. Nikisema, wimbo utakatika, aliwaza. Nikinyamaza... Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kishikio cha mlango. Ukavuta. Mlango haukufunguka. Vioo vilikuwa vimejaa mvuke.

"Nani anapumua hivyo huko nyuma?" Gogo aliuliza ghafla. "Anapumua kama mtu aliyebeba gunia."

Mama akaacha kuimba. "Chelimo? Unahisi kutapika?"

Lilikuwa jibu rahisi. Angesema ndiyo, Mjomba angesimama, yeye angeshuka na kuinama kando ya barabara. Kisha wangeingia tena garini, na breki zingekuwa zilezile.

"Hapana, Mama," alisema, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mjomba, usishuke mteremko! Nimepaka breki jeli ya Daisi! Kanyagio, na usukani, yote nimeyapaka!"

Mjomba alikanyaga breki. Mguu ukateleza ukagonga sakafu. Pua ya gari ilikuwa tayari imeinama. "Shikeni viti!" alisema. Akashusha gia, injini ikalia; akavuta breki ya mkono kidogo kidogo, akaelekeza gari kwenye ukingo wa udongo. Liliyumba, likapanda ukingo, likasimama huku pua yake ikiwa ndani ya michai.

Kutoka chini darajani ukasikika mlio, na lori la majani chai likapanda katikati ya barabara nyembamba, likawapita, likaenda zake. Dereva aliwapungia mkono.

Mjomba alishuka, akaja kufungua mlango wa nyuma. "Ulipaka lini?"

"Jana. Ulikuwa umekataza. Nilitaka ing'ae." Chelimo alianza kulia. "Mama, nilidanganya pia. Mkebe niliumaliza mimi. Ulikuwa umetabasamu, sikutaka..."

Mama alimvuta, akamshika kwa nguvu hadi akaumia.

"Sikiliza," Mama alisema. "Tabasamu langu likipotea, nitalitafuta tena. Wewe na Gogo na mjomba wako nitawatafuta wapi? Kaburini kwa baba yako?"

Kando ya mteremko kulikuwa na kituo cha kukusanyia majani chai, na wachumaji walikuwa wameinjika sufuria ya chai. Mama alikwenda, akarudi na jivu katika gazeti na maji ya moto ndani ya kopo.

"Unaoshaje sufuria yenye mafuta?" alimwuliza Chelimo.

"Kwa jivu na maji moto."

"Basi osha."

Chelimo alipiga magoti kwenye matope. Alisugua kanyagio la breki kwa jivu na kicha cha nyasi, akalisuuza, akasugua tena, akaenda kwenye mengine, kisha usukani. Mjomba alipapasa kila kimoja kwa kidole, akakijaribu kwa soli ya kiatu. "Rudia hili la breki," alisema. Akarudia. Mguu wa Mjomba ulipokaa imara, akasema, "Ndiyo maana nilisema maji na sabuni tu. Sikukueleza sababu, na hilo ni kosa langu. Dashibodi ing'ae ikitaka. Lakini mahali pa mguu na pa mkono wa dereva hapapakwi mafuta kamwe."

Wachumaji wawili waliwasaidia kusukuma gari. Waliteremka polepole, wakavuka daraja, wakafika Bomet wakiwa wamechelewa kiasi. Muuguzi alikuja kumwandikisha Gogo wakiwa bado garini, akawaambia wangoje.

Kabla hawajashuka, Mjomba alitoa ufunguo, akafungua mlango wa nyuma, akachungulia kile kitundu cha ubavuni. "Baba yako alisema kufuli hii ikae mpaka lini?"

"Mpaka niwe mkubwa," Chelimo alinong'ona.

Mjomba alizungusha ncha ya ufunguo. Kitu kikalia kidogo. Akafunga mlango, Chelimo akiwa bado ndani, akasimama nje akingoja. Chelimo akavuta kishikio. Mlango ukafunguka.

Alizunguka mbele, akamfungulia Gogo, akamshika mkono. Gogo alishuka taratibu, akasimama akiwa ameegemea bega lake.

"Mjukuu wangu," alisema, "mlango ule umefunguliwa na mtu mwingine. Lakini mdomo hakuna wa kukufungulia. Kule mteremkoni uliufungua mwenyewe, ukiwa unaogopa, na ndiyo maana tuko hapa wote. Uongo ulionyamaziwa ni kama ile jeli. Unang'aa, lakini ukitaka kusimama, huwezi. Siku nyingine usingoje mteremko."

"Nimesikia, Gogo."

Gogo alifanyiwa upasuaji wa jicho moja. Wiki ile, bandeji ilipoondolewa, aliomba apelekwe bandani. Alilitazama gari kwa jicho moja, kwa muda mrefu. Dashibodi ilikuwa imeoshwa, imekuwa ya kijivu tena. "Ndilo," alisema. "Ndivyo lilivyokuwa siku za kazi." Chelimo akatoa kitana mfukoni, akakirudisha mahali pake chini ya kiti.

Na asubuhi, zizini, alipokuwa akishika ndoo ya maji ya moto kando ya Daisi, Mama alifungua mkebe mpya wa jeli, akachovya vidole, na bila kugeuka akaanza kuimba.