Sakafu Iliyolambwa na Mbuzi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Fausta alipambana na vumbi. Alinyunyiza maji kwenye sakafu ya udongo ya mgahawa wa mama yake, akasubiri yanywee, kisha akafagia kuanzia ukutani mpaka mlangoni. Akinyunyiza machache, vumbi lilipanda na kuingia kwenye sufuria ya chai. Akinyunyiza mengi, sakafu iligeuka tope na wateja wakaingia wakiteleza. Siku ya mnada ilikuwa balaa kabisa. Wafugaji walijaa mgahawani na katambuga zilizobeba samadi ya zizi zima, na nani angethubutu kumwambia mzee aliyetembea tangu alfajiri avue viatu vyake mlangoni?

Halafu kulikuwa na funza. Mwezi ule Fausta alitolewa funza kwenye kidole gumba cha mguu. Haikupita wiki, mama yake, Genoveva, akamwona mtoto wa mteja naye anajikuna miguu chini ya meza.

"Basi!" Mama alisema. "Nimevumilia vya kutosha. Naweka sakafu ya kudumu."

Mjomba Alfredi, kaka yake Mama, alikuwa pale anakunywa chai. Mjomba hakukosa neno la kusema juu ya jambo lolote pale kijijini Gehandu. "Weka vigae, dada," alisema. "Vigae vyeupe, vinavyong'aa. Watu wakiingia wajue una maendeleo."

Mama hakubishana naye. Siku chache baadaye alimwita Hilda, fundi kijana wa kike kutoka Daudi, kule Mbulu. Mama alikuwa amekwenda Daudi kwenye mazishi, akaingia katika duka moja lenye sakafu ya zege iliyosuguliwa ikang'aa, akauliza ni kazi ya nani. Hilda alikuwa amesomea ujenzi chuoni, na sakafu ile aliitengeneza kwa mikono yake.

"Shikamoo, fundi," Fausta alimwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye unayefagia hapa? Pole sana," Hilda alisema, akacheka.

Mama alimwuliza kuhusu vigae. Hilda hakuvikataa. "Vigae ni vizuri, mama. Lakini hapa watu wanaingia na tope, wanaburuta mabenchi, wanaangusha magunia. Kigae kimoja kikipasuka, uchafu unaingia chini yake, na cha kufanana nacho hukipati tena. Zege la kusugua halina maungio mengi. Unapiga deki, unamaliza. Funza hawana pa kujificha. Ila linataka vitu viwili: mchanga safi na subira."

"Subira ninayo," Mama alisema.

"Na mchanga ninao mimi!" Mjomba alidakia. "Nina mkokoteni, nina punda. Huo ndio mchango wangu kwa dada yangu."

Hilda alimweleza vizuri kwamba anataka mchanga wa korongoni, ule wa chengachenga ulioshuka na maji ya mlimani. Mjomba aliitikia kila neno kwa kichwa.

Jumamosi Fausta alipanda mkokoteni pamoja na mjomba wake. Kwenye njia panda punda walizoea kupinda kuelekea mlimani, lakini Mjomba aliwavuta kwa nguvu upande wa pili, kwenye njia tambarare ya kwenda Balangida, ziwa la chumvi. Huko ndiko wafugaji hupeleka mifugo yao ilambe magadi. Mchanga wa ufukweni ulikuwa mweupe, laini, unachoteka kama unga.

"Mjomba, si fundi alisema korongoni?" Fausta aliuliza.

"Korongoni kuna mawe, kuna kuchimba, kuna kupanda mlima. Hapa unachota tu. Mchanga ni mchanga." Mjomba alijaza koleo lingine, kisha akamtazama. "Ukiulizwa, sema umetoka korongoni. Umesikia? Mimi ni mkubwa wako."

"Ndiyo, mjomba."

Hilda alipouona mchanga ule, aliuchukua kiganjani, akausugua kwa kidole. Uso wake haukuonyesha furaha. Mjomba alikuwa amekwisha kuondoka na punda wake, kwa hiyo Hilda alimgeukia Fausta.

"Mchanga huu umetoka wapi?"

"Korongoni," Fausta alisema.

"Korongoni kweli? Mbona mweupe hivi?"

"Kweli, fundi."

Hilda aliamini. Kwa nini asiamini? Mtoto aliyemwamkia kwa adabu alikuwa amejibu mara mbili bila kusita.

Kazi ilifanyika kwa bidii. Hilda na msaidizi wake walimwaga zege, wakalisawazisha, wakalikandamiza kwa mwiko wa chuma mpaka likawa laini. Kisha wakalifunika kwa magunia, na Fausta akapewa kazi ya kuyamwagia maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima, ili zege lisikauke haraka likapasuka. Aliifanya bila kukosa hata mara moja. Baada ya kusubiri tena zege likomae, Hilda alileta mashine ya kusugulia iliyonguruma mpaka mbwa wa jirani wakabweka, akasugua, akasafisha, akasugua tena. Mama alipofungua mgahawa upya, miguu ya meza ilionekana sakafuni kama katika maji. Watu walikuja kunywa chai wasiyoitaka, ili tu waitazame sakafu.

Mzee Gidamis, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya shule, naye alikuja. Alizunguka na fimbo yake, akainama, akapapasa. "Madarasa yetu mapya yanataka hii," alisema. "Fundi, kamati ikikubali, kazi hiyo ni yako."

Fausta aliruka kwa furaha. Darasa mojawapo lingekuwa lake.

Lakini haukupita mwezi, unga mweupe ukaanza kutokea sakafuni. Fausta aliufagia, kesho yake ukarudi. Alipiga deki, ukarudi mwingi zaidi. Mng'aro ulififia, kisha sakafu ikaanza kubanduka vipande vyembamba kama ngozi iliyoungua jua.

Na nani alikuwa wa kwanza kupiga kelele? Mjomba Alfredi! Hapa naomba mnivumilie, maana hasira zinanipanda hata ninaposimulia. Mtu aliyechota mchanga wa ziwani kwa uvivu wake, aliyemfundisha mtoto uongo, alisimama katikati ya wateja akatikisa kichwa kama anayehuzunika. "Nilisema mimi! Kazi ya zege unampa msichana? Tena wa kutoka Mbulu, hatujui hata nyumba yao ilipo. Mnavuna mlichopanda."

Maneno yale yalisambaa upesi. Watu waliokuja kuisifu sakafu sasa walikuja kuicheka. Hilda aliitwa, akaja, akapiga magoti, akagusa unga ule. "Sielewi," alisema. "Saruji niliweka inavyotakiwa. Kuna kitu."

Fausta alikuwa jikoni, anamenya viazi. Alisikia kila neno, akaendelea kumenya.

Asubuhi iliyofuata alipofungua mlango wa nyuma, mbuzi wao mmoja alimpita mbio akaingia mgahawani. Hakuenda kwenye maganda ya viazi. Aliinamisha kichwa akaanza kulamba sakafu. Fausta alimfukuza kwa ufagio, mbuzi akatoka, akarudi, akalamba tena kwa pupa. Ufagio ulimwanguka Fausta mkononi. Mtoto gani wa Gehandu asiyejua mbuzi hulamba hivyo wapi? Ile ilikuwa chumvi ya Balangida, na yeye ndiye aliyesema korongoni.

Alitaka kumwambia mama yake palepale. Lakini amsemeje mjomba? Amwite mkubwa wake mwongo? Toka azaliwe alifundishwa kwamba mkubwa hasemwi. Akaenda shule na jiwe hilo moyoni.

Siku ya pili yake, kamati ya ujenzi ilikutana mgahawani hapohapo, ili wajumbe waione sakafu kwa macho yao kabla ya kuamua. Fausta aligawa chai. Hilda alikaa peke yake karibu na mlango, na hakuna aliyemsogelea. Mjomba Alfredi hakuwa mjumbe, lakini alikuwepo, tena mbele.

"Wazee wangu," Mjomba alisema, "mimi sipendi kumsema mtu. Lakini tusifichane. Sakafu haibanduki hivi kama saruji imetiwa yote. Mifuko mingine ilikwenda wapi? Waulizeni walioiuza usiku."

Hilda alisimama. "Unaniita mwizi?"

"Mimi sijasema mwizi. Nimesema mifuko haikufika kwenye zege."

Baadhi ya wajumbe waliguna na kutazamana. Mzee Gidamis alishusha pumzi. "Fundi, hili ni jambo zito. Kama huna la kujibu, hatuwezi kukupa madarasa ya watoto wetu. Na wenzetu wa vijiji vya jirani watatuuliza, nasi tutawaambia tulichokiona."

Fausta alimtazama dada yule aliyekuja na mashine yake kutoka Daudi, aliyemfundisha kumwagia magunia maji, sasa anaitwa mwizi na mtu aliyemwibia jina lake jema. Hasira ilimpanda Fausta kuliko woga. Aliweka birika juu ya meza kwa kishindo.

"Shikamooni, wazee. Naomba kusema."

"Mtoto, nenda jikoni!" Mjomba alifoka.

"Mwache aseme," Mama alisema kutoka mlango wa jikoni, na sauti yake haikuwa ya kubembeleza.

"Fundi hajaiba saruji. Mchanga ndio mbaya. Mimi na mjomba tuliuchota Balangida, si korongoni. Fundi aliniuliza mara mbili, nami nikamdanganya mara mbili."

"Mwongo huyu!" Mjomba alisimama. "Wazee, mnasikia watoto wa siku hizi? Hana hata adabu!"

Fausta hakumjibu. Alitoka nyuma, akawafungua mbuzi wote watatu. Walimpita kama waliokuwa wanangoja, wakaingia katikati ya kikao, wakapenya kati ya miguu ya wajumbe, wakainamisha vichwa na kulamba. Mmoja alilamba mpaka chini ya kiti cha Mjomba Alfredi.

Mzee Gidamis aliwatazama. Kisha alilowesha kidole, akakichovya kwenye unga mweupe, akakionja, akatema mate. "Ng'ombe wetu wanaijua chumvi hii tangu enzi za babu yangu. Alfredi, mbuzi hawana ugomvi na wewe. Kwa nini wakusingizie?"

Mgahawa mzima ulicheka, isipokuwa watu wawili. Mjomba alikuwa akitafuta kofia yake. Na Hilda hakucheka, alikuwa anamtazama Fausta.

"Nilikuuliza, Fausta," alisema taratibu. "Nilikuamini kuliko mchanga wenyewe. Na mimi nina kosa, maana niliacha kuuonja na kuuosha. Lakini unajua nimelala vipi siku hizi? Nimeihesabu mifuko ile kichwani mpaka nikaanza kujishuku mwenyewe."

Kicheko kilikwisha. "Nisamehe, fundi," Fausta alisema, na machozi yakamtoka.

Kamati ilimsafisha Hilda jina hadharani, na kazi ya madarasa ikawa yake. Mjomba alitaka kuondoka, lakini Mama alimzuia mlangoni. Hakumpigia kelele, na labda kelele zingekuwa nafuu kwake. "Kaka, utamwomba radhi fundi mbele ya hawa uliomchafulia jina mbele yao. Halafu sakafu hii utaibomoa wewe. Na mchanga wa korongoni utaupandia mlima, na ukiwa na mawe utayachambua."

Mjomba aliomba radhi kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. Na alibomoa kweli. Majirani walimwona anapita na punda wake kuelekea mlimani, amechafuka mpaka kope, na hakuna aliyemsaidia kusukuma mkokoteni.

Jioni ile ya kikao, Fausta aliosha vikombe kimyakimya. Mama alivuta kigoda akakaa karibu naye.

"Umenikasirikia, mama?"

"Nimekasirika, ndiyo. Nimemkasirikia mjomba wako, na wewe pia." Mama alichukua kikombe akakifuta. "Nani alikufundisha kwamba adabu ni kunyamaza?"

"Yeye ni mkubwa wangu."

"Ni mkubwa wako, na kesho utampa shikamoo yake kama kawaida. Utampisha kiti. Akija na mzigo utampokea. Hiyo ndiyo heshima. Lakini uongo wake si mzigo wa kumpokea, mwanangu. Mwache aubebe mwenyewe. Leo umeuweka chini, nami nimefurahi. Ila uliuchelewesha, na aliyeumia hakuwa wewe wala mjomba. Aliumia mtu asiye na kosa."

Miezi michache baadaye, mgahawa ulikuwa na sakafu nyingine aliyoiweka Hilda, na hiyo haikutoa unga wala kubanduka. Mbuzi walichungulia mlangoni mara moja tu, hawakuona cha kuwavuta, wakaenda zao.

Shuleni, Hilda alianza kazi ya madarasa. Siku mchanga ulipoletwa, alimwona Fausta akipita na madaftari yake, akamwita.

"Mchanga huu umetoka wapi?"

"Korongoni, upande wa mlima," Fausta alisema. "Niliwaona vibarua Jumamosi wakichimba. Lakini mkokoteni wa mwisho sikuuona ulikotoka, fundi. Huo siujui."

Hilda alitabasamu, akaenda kwenye lundo la mwisho, akachukua chembe chache, akaziweka kwenye ulimi. Alionja kwa muda, kisha akatema.

"Ni mzuri," alisema. "Njoo, chukua jembe dogo lile. Darasa ni lako, na zege linasubiri."