Injini Iliyosagwa Jina

Boneti ilikuwa na joto. Lonnie Kruszka aliweka kiganja, akakitoa, akakirudisha tena. Baridi ya Januari pale Flint ilikuwa imegandisha hata maji ya ndoo gerejini, na gari lake, ile Chevelle ya mwaka 1970, halikuwashwa wiki nzima. Betri yenyewe ilikuwa juu ya meza.

"Marlene, umeligusa gari?"

"Niliguse lina nini?" mkewe alimjibu kutoka jikoni. "Mke mwenzangu huyo, hashikwi bila ruhusa yako."

Lonnie akacheka, kicheko cha mdomoni tu. Alijua alichokifanya. Injini ya asili ilishakufa zamani, na wapenzi wa magari haya hulipa karibu maradufu kwa gari lenye injini lililozaliwa nayo, namba iliyogongwa kwenye injini ikilingana na ya gari. Basi alikuwa amenunua injini ya aina ileile kwenye yadi ya vyuma chakavu, ya gari lililozama mtoni na kijana ndani yake. Akaisaga namba yake kwa grenda hadi chuma kikawa laini, akagonga namba ya Chevelle palepale.

Giza lilipoingia, harufu ya matope ya mto ilijaa jikoni, na nyuma ya ukuta wa gereji chuma kikaanza kusagwa, polepole, kama mtu anayesaga meno usingizini. Marlene akaacha kukoroga supu.

"Lonnie," alinong'ona, "kuna mtu kule anauliza."

"Anauliza nini?"

"Jina lake."

Wakamwita jirani yao, Mama Odessa Tibbs, anayewaombea wagonjwa kanisani. Alikuja na kichupa cha mafuta ya zeituni, akafika mlangoni mwa gereji, akamsikiliza Lonnie akieleza alichokifanya, akagoma kuingia.

"Mwanangu, kijana wa watu alibaki na namba ile tu duniani, nawe umeisaga. Mrudishie kabla gari halijatoka hapa. La sivyo atajichukulia jina lingine, na hatachagua la mbali."

"Mama, nikiirudisha, miaka mitatu ya jasho langu imekwenda na maji."

"Maji ndiyo yaliyomchukua yeye," alisema bibi yule, akaondoka.

Lonnie alijua kwamba asidi huweza kuiamsha namba iliyosagwa ikaonekana tena. Alishafungua chupa simu ilipoita: mnunuzi wa Ohio yuko njiani na trela. Akaifunga chupa. Tamaa ilimshinda, na hofu yake akaimeza.

Mnunuzi alimulika namba kwa tochi, akaipapasa kwa kidole, akatabasamu, akalipa, na trela ilipopinda kona harufu ya matope ikakatika, ukuta ukanyamaza, na Lonnie akakimbilia ndani akicheka kwa furaha, akafungua mdomo amwite mkewe, na jina halikuja, akalitafuta ulimini, akalitafuta moyoni, akaona midomo ya mkewe nayo inalitafuta.

"Niite, mume wangu," alisema mwanamke yule huku machozi yakimtoka. "Niite tu. Nimelisahau jina langu."

Lonnie akampigia simu Mama Odessa.

"Mama, nisaidie. Mke wangu anaitwa nani?"



"Mke?" bibi aliuliza kwa upole. "Mwanangu, wewe si unaishi peke yako?"

Mkewe alikuwa amesimama mbele yake, bado anangoja kuitwa.