Sauti Nyuma ya Ukuta wa Wingwi

Siku umeme ulipokatika Konde nzima, kaskazini mwa Pemba, watu waliomsusia Vuai walirudi dukani kwake bila ya haya. Tangu uchaguzi wa marudio mwezi wa tatu, nusu ya mji ilikuwa haimsalimii kwa sababu ya chama chake, na steshenari yake ilikuwa imepooza. Lakini jenereta alikuwa nalo yeye peke yake, na jenereta halina chama. Basi asubuhi ile walijazana mpaka barazani, wenye fomu za shule, wenye picha za pasipoti, wenye kadi za harusi, na kila mmoja akitaka atangulizwe yeye.

Aliyekuwa akiwahudumia ni Yumna, binti wa miaka ishirini na saba, baibui lake jeusi limepauka mabegani na macho yake mekundu kwa usingizi haba. Yumna alikuwa amechoka. Alichoka na printa inayotafuna karatasi, alichoka na watu wasiosalimiana, na alichoka na mama yake aliyemuuliza kila Ijumaa kama bado hajatokea mtu. Kitu kimoja tu kilikuwa hakijamchosha, nacho kilikuwa wazi kwenye laptopu yake pembeni: nyumba.

Kulikuwa na shindano la sanaa, la wanaobuni mazingira ya gemu za kompyuta. Hutakiwi kutengeneza gemu zima. Unatengeneza mahali tu, mtu aingie, atembee chumba kwa chumba, na moyo wake ubadilike. Mada ya mwaka ule ilikuwa "Palipoachwa", na mshindi angepelekwa Nairobi miezi sita kufunzwa kazi hiyo. Yumna alikuwa akiijenga nyumba yake kila duka lilipokuwa tupu, na kwa jinsi Vuai alivyosusiwa, nafasi haikuwa haba.

"Ukuta huu haujapata kunyeshewa," mtu alisema nyuma ya bega lake.

Akageuka. Alikuwa mwanamme mrefu, shati la kijivu limejaa mikunjo, kofia ya viua imekaa upande kana kwamba ameivaa njiani. Mkononi alishika cheti cha kifo, anataka kopi sita. Jina lake Talal, muuza paneli za sola Wete. Wiki tatu nyuma alimzika baba yake, Mzee Moosa wa Wingwi.

Yumna alimpa pole. Talal alijibu kwamba ameshapoa, na haikuonekana kwamba amepoa hata kidogo. Kisha akarudi kwenye ukuta.

"Nyumba ikiachwa, bibi, chokaa huvimba kwanza ndipo ikabanduka. Yetu nusu yake imefungwa miaka. Uje uione."

"Weye huwakaribisha wote wanaokutolea kopi?"

"Wanaojenga kuta mbovu tu."

Yumna alicheka, na akashangaa kujisikia akicheka. Alipompa kopi zake alimpa na namba ya simu, eti kwa ajili ya kuta.

Simu zikaanza. Talal alikuwa akipiga adhuhuri, duka lake likiwa halina mtu, na alimwita Fundi. Fundi wangu, umekula? Fundi, leo umejenga vyumba vingapi? Yumna alimjibu kwamba fundi hali maneno matamu, na siku ambayo simu haikulia aliharibu kadi za harusi mbili, akaandika jina la bwana harusi mmoja kwenye kadi ya mwengine. Nairobi aliitaka. Na Talal alimtaka zaidi kuliko Nairobi. Alipokosea ni pale alipodhani vyote viwili vitaingia kwa mlango mmoja.

Jambo moja tu lilimtia shaka. Talal hakuwa akilala Wingwi. Mama yake, Bi Radhiya, alikuwa amekaa eda ya mumewe katika nyumba ile, miezi minne na siku kumi, havuki kizingiti bila ya dharura wala haonekani na mwanamme asiye maharimu. Aliyekaa naye ni binti yake Raniya, mwalimu wa skuli. Talal alikuwa akienda kila Ijumaa, akala haraka, akaondoka. Alisema ni kazi.

Raniya ndiye aliyempeleka Yumna kuitazama nyumba. Ilikuwa nyumba ya mawe ya zamani, ya watu waliopata kuwa na mashamba makubwa, nusu yake ikikaliwa na nusu imefungwa. Yumna alimsalimia mwenye eda, akapewa maji, kisha akazunguka upande uliofungwa akipiga picha nyufa, milango na ukungu. Kabla ya kuondoka aliiwasha simu yake irekodi upepo, akaiweka barazani, akaenda kuswali alasiri na Raniya.

Keshoye, dukani, alivaa hedfoni asikilize. Upepo ulikuwepo, na bawaba moja ikilia. Kisha, mbali, nyuma ya ukuta, sauti ya mwanamke, tulivu, ya mtu anayezungumza na aliye karibu naye: "Baba Talal, chai itapoa. Leo sikutia tangawizi, n'najua kifua chako."

Alikuwa Bi Radhiya, akimsemesha marehemu mumewe. Nyumba ya Yumna, ambayo wiki zote zile ilikuwa picha tu, ilipata roho pale pale. Aliirudia sauti ile mara sita. Kisha akalikata lile "Baba Talal" mwanzoni, na iliyobaki akaiweka nyuma ya ukuta wa chumba cha mwisho, mchezaji aisikie akikaribia na aikose akifungua mlango. Alijiambia kwamba bila ya jina hakuna atakayejua ni nani. Ukiona mtu anaanza kukata majina, jua nafsi yake imeshamwambia.

Alichaguliwa katika kumi bora. Waandaaji waliweka video za wote kumi mtandaoni, wakawapa wiki moja ya kurekebisha kabla ya majaji kuamua. Yumna alimpelekea Talal kiungo cha yake. Talal aliitazama dukani kwake, katikati ya wateja, simu ameizima sauti. Aliona kuta za kwao zikisimama kwenye kioo, akajaa fahari, akaituma kwa ukoo mzima, Unguja mpaka Maskati, na maneno juu yake: kazi ya mwenzangu.

Siku ya pili alipiga simu asubuhi, saa isiyo yake, wala hakumwita Fundi.

"Yumna, ile sauti umeitoa wapi?"

"Barazani kwenu."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Talal hakumngoja ajibu.

"Shangazi Maisa kampigia Raniya analia. Anaijua sauti ya wifi yake. Ami zangu wameisikia, na watoto wao, na watu wao wa kazini. Mamangu yumo edani, Yumna. Hata muuza samaki humjibu kwa nyuma ya pazia. Na aliyeituma ni mie, kwa mkono wangu."

"Talal, nisamehe. Nili..."

"Ulikuwa ukiitaka nyumba. Hukuwa ukinitaka mie."

"Sivyo."

"Sijui tena ndivyo au sivyo. Nimechoka." Akakata.

Yumna alipiga mara mbili, haikupokelewa. Ya tatu hakupiga. Alijua kwamba hata Talal akipokea, anayestahiki kuombwa radhi si yeye. Aliomba ruhusa kwa Vuai, akatia laptopu kwenye mkoba, akapanda gari ya abiria kwenda Wingwi.

Bi Radhiya alikuwa ameketi mkekani, kanga yake imefuliwa mpaka maua yamepotea, uso hauna wanja wala mafuta. Aliitikia shikamoo yake kwa upole, akamwonyesha pa kukaa. Raniya alikuwa ameshamwambia kila kitu.

"Mama, nimekuja kukuomba radhi," Yumna alisema. "Nimekuchukulia sauti yako bila ya kukuuliza. Wala siwezi kusema sikujua. Jina nililikata kwa sababu nilijua."

Bi Radhiya alisogea karibu. "Hebu niisikie."

Yumna alimvisha hedfoni juu ya ushungi, akaiweka ile nzima, yenye jina. Ilikuwa fupi. Ilipokwisha yule mama aliendelea kutazama mkeka.

"Nasema hivi kila siku?"

"Sijui, Mama. Siku ile ulisema."

"Mie nikidhani nasema moyoni." Akafuta macho kwa ncha ya kanga, bila ya haraka. "Na hiyo nyumba? Nionyeshe."

Yumna alifungua laptopu, akamtembeza. Miezi mitatu Bi Radhiya alikuwa hajafika ule upande mwengine wa nyumba yake, unaoingiliwa kwa nje. Alikuwa akimsimamisha kila hatua. Shubaka la taa lilikuwa kushoto, si kulia. Mlango ule haukuwa na komeo, ulikuwa na kamba. Kwenye chumba cha mwisho akauliza pale juu pameandikwa nini, akasomewa.

"Palipoachwa," alirudia. "Nani kaacha? Ndugu zake walipokwenda Maskati, Baba Talal alikuwa akipafagia kila Alhamisi mpaka wiki aliyougua. Hapakuachwa hapa." Akazivua hedfoni akamrudishia. "Nyumba iache, mwanangu, ni nzuri. Sauti itoe. Ifute kila ilipo, isibaki pahala. Yale si ya kusikiwa na mtu, hata na mwanangu."

"Talal kanikasirikia, Mama."

"Talal kaikasirikia nafsi yake. Ijumaa hula akaondoka kabla ya alasiri. Angelikaa, angenisikia bila ya simu."

Yumna aliifuta pale pale, mbele yake, kila ilipokuwa. Kisha akawaandikia waandaaji waiondoe video ya mwanzo, akaipeleka nyumba mpya yenye upepo na bawaba tu. Matokeo yalipotoka, alikuwa wa nane. Majaji waliandika kwamba kuta ni za ajabu, lakini ukimya wake hauna mtu ndani. Yumna aliisoma mara moja, akaona wamesema kweli, akarudi kwenye printa yake. Nairobi iliumiza siku mbili. Simu iliyokuwa hailii adhuhuri iliendelea kuumiza, na kazi anayoifanya mtu mwenye maumivu ya namna ile humchosha mara mbili.

Zilipita wiki tano. Jumatano moja, dukani hamna mteja na Vuai anasinzia kwenye kiti chake barazani, Talal aliingia. Alikuwa amekonda. Shati lilikuwa limepigwa pasi na mtu anayejua kupiga pasi.

"Nimehamia nyumbani," alisema. "Asubuhi nakwenda Wete, alasiri narudi. Wiki ya nne hii."

"Umefanya vyema."

"Nilikwenda ili nimsikie. Niliona aibu, Yumna. Mie mwanawe sikujua, na weye mgeni ulijua kwa siku moja." Akakaa kwenye benchi la wateja. "Basi hasemi. Nikiwepo hasemi na Baba tena. Chai ikiiva huniita mie."

Yumna alitaka kusema pole, akaona neno dogo. Alikuja akakaa upande wa pili wa benchi, wakaacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Nilikwambia ulikuwa ukiitaka nyumba," Talal alisema. "Nilijua ni uongo nilipokuwa nausema."

"Haukuwa uongo wote. Niliitaka nyumba. Nilikutaka na weye. Nikashindwa kuuliza, nikachukua."

Talal aliitikia kwa kichwa.  Walikaa kama watu wawili waliotua mizigo yao na bado mikono inawauma.

"Mama anatoka eda Jumapili," alisema mwishoni. "Raniya kamuuliza atakwenda wapi kwanza, kwa nduguye au kwa shangazi. Kasema anakuja Konde, kwa mamako. Kuleta posa. Nimemwambia hiyo huletwa na wazee wanaume, na taratibu zake n'nazijua. Kasema wao watakuja baadaye, lakini neno la kwanza atalisema yeye, kwa sauti yake."

Yumna alimgeukia. "Na weye umesemaje?"

"Nimemwambia angoje. Nipite nikuulize weye kwanza." Akamtazama sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Yatosha mwaka huu, kuchukuana bila ya kuulizana."

Yumna aliangalia mikono yake yenye wino. Alitaka kumfanyia mzaha, kama zamani, lakini machozi yalimwahi.

"Nimekubali," alisema. "Mwambie Mama aje."