Kovu Lililogeuka Bichi

Wanaume wa Bariadi wanasema mimi Kasmiri ni mwongo. Sawa. Lakini waulize ni nani kati yao aliyewahi kuendesha pikapu kutoka Sapiwi na kile nilichokibeba mimi jioni ile. Watatazama pembeni. Au wataagiza soda.

Ilikuwa miaka ya soko huria kuingia. Ushirika ulikuwa unayumba, na matajiri wa Mwanza walikuja kununua pamba mpaka mlangoni kwa mkulima. Shamba lililodharauliwa jana, leo ndugu walikuwa wanatoana macho kwa ajili yake. Mimi nilikuwa dereva wa tajiri mmoja. Pikapu yake hakuna mwingine aliyeiweza. Kioo cha nyuma kilishavunjika, tukaziba kwa boksi, na breki zilikuwa zinanitii mimi tu.

Basi jua linazama, naenda kijiji cha Sapiwi kuchukua magunia ya mwisho. Pembeni yangu amekaa Constantine, tabibu wetu, mtu wa kupiga pasi hata leso. Polisi walikuwa wakimwita kusoma umri wa majeraha. Ukimwambia ulikatwa jana, anatazama kingo, anabonyeza, ananusa, kisha anakuambia kama ni jana kweli au unaidanganya serikali.

Sapiwi tukakuta sungusungu, walinzi wa kijiji, wamemkalisha kijana mavumbini, mikono imefungwa nyuma. Anaitwa Mayala. Mbele yake amesimama Bibi Nyanjige, mjane wa baba yake mkubwa. Macho ya bibi yalikuwa mekundu kwa moshi wa mavi ya ng'ombe aliyopikia maisha yake yote. Na kwetu, macho mekundu yameshawazika wengi kwa kusingiziwa uchawi.

"Mayala amenikata," bibi alisema, akashusha kitenge begani.

"Mchawi huyo!" Mayala akafoka. "Mimi niko Mwanza tangu palizi. Nimeshuka leo tu kwenye basi, kila mtu ameniona!"

Mkuu wa sungusungu akamgeukia Constantine. "Daktari, sema wewe. Jeraha likiwa bichi, huyu kijana ni halali yetu."

Constantine akainama. Mstari mrefu ulianzia chini ya shingo, ukateremka mpaka nyuma ya bega. Akabonyeza. Ngozi ilikuwa imeshikana, laini, inang'aa, wekundu umeanza kufifia.

"Hakuna gaga. Hakuna uvimbe. Hili ni kovu la wiki kadhaa. Mayala hakuwepo."

Wakamfungua Mayala. Akainuka anajisugua mikono, akapotelea kwenye kundi. Na macho yote yakahamia kwa bibi. Yale macho... wenyeji mnayajua.

"Kasmiri," Constantine alininong'oneza, "tuondoke naye. Akilala hapa, kesho hatuoni bibi, tunaona maiti."

Nikafunga turubai juu ya magunia, nikamsaidia bibi kupanda. "Karibu, mayu, mama yangu." Akakaa katikati yetu. Hakuuliza tunampeleka wapi. Alisema neno moja tu.

"Daktari, njiani utatazama tena."

Tukaondoka. Giza likaanza kushuka juu ya mashamba. Gari lilikuwa zito kuliko nilivyotarajia. Nikasema moyoni, pamba ya mwaka huu imejaa kweli.

Halafu ikaja harufu. Kama chuma kilicholowana.

Constantine akawasha tochi, akashusha kile kitenge. Juu ya mstari kulikuwa na gaga jeusi, limekauka, limekaza.

"Hili la siku chache," alisema polepole.

"Si ulisema wiki?"

"Nilisema!" Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Na lilikuwa la wiki!"

Tukaingia kwenye mto mkavu. Gari likazama kwenye mchanga, likakoroma, likatoka. Tochi ikawaka tena. Gaga halikuwepo. Kingo zilikuwa zimevimba, nyekundu, zinatoa majimaji.

"Jana," Constantine akanong'ona. "Sasa ni la jana."

Bibi alikuwa anatazama mbele tu. "Lilianza kuniwasha Mayala alipokwenda kwa mganga kuuliza nani anamzuilia shamba la marehemu mume wangu. Kisha likawa kovu. Akiwa mbali au amefungwa mikono, linatulia. Akikaribia, linakuwa bichi."

"Nani akikaribia, mayu?"

"Mwenye panga."

Constantine akamgeukia. "Lakini Mayala tumemwacha Sapiwi. Kila tukienda tunazidi kumwacha mbali. Lingekauka. Kwa nini halikauki?"

Nikakanyaga mafuta.

Ila nyuma... turubai. Pa. Pa. Pa.

Upepo haukuwepo.

Damu ikaanza kushuka. Nyepesi, haigandi, inadondokea goti langu. Taa za Bariadi zilikuwa zimeanza kuonekana. Constantine akatoa leso yake ya pasi, akakandamiza bega, akafuta.

Chini ya leso, ngozi ilikuwa nzima. Hakuna mstari. Hakuna kitu.

"Limeisha!" nilisema, nikacheka kama mjinga.

"Halijaisha," alisema Constantine. "Halijaanza."

Boksi likapasuka.

Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Sasa niambie, mwanaume gani mwingine angewahi? Bibi akarushwa mbele. Panga lililotafuta shingo likaikosa, likashukia bega. Palepale. Kwenye mstari uleule. Nyuma yetu Mayala alikuwa amejigonga kichwa kwenye chuma, nyuzi za pamba kwenye nywele, analia kama mtoto: "Mganga alisema ni yeye... alisema ni yeye..."

Sisi wenyewe ndio tuliombeba.

Polisi walimchukua. Constantine alimshona bibi usiku uleule, na polisi walipouliza umri wa jeraha akajibu, "Jipya kabisa." Mengine hakuyasema. Na tangu siku ile alikataa kusoma jeraha la mtu yeyote.

Bibi Nyanjige alipona, akahamia kwa dada yake kule Nkololo. Nilikuwa nampelekea sukari. Siku moja ananiaga, akanishika mkono, akaugeuza.

"Kasmiri, hili kovu ulilipata wapi?"

"Mayu, mwanaume kama mimi ana makovu mengi, siwezi kuyakumbuka yote."

Hakucheka.

Lilikuwa jeupe, jembamba, chini ya kiwiko. Miaka imepita, bibi amezikwa, Bariadi imekuwa mji wa mkoa. Kovu liko vilevile. Mpaka mwezi huu, limepata wekundu. Likaanza kuwasha. Juzi nikaamka lina gaga.

Nikamfuata Constantine, mzee sasa, fimbo mkononi. Nikakunja shati. Akageuza uso ukutani.

"Usinioneshe," alisema. "Niambie tu. Nani amehamia karibu na wewe?"

Nimepangisha chumba cha uani, kwa mtu wa kutoka mbali. Ni mpole sana. Ananiamkia vizuri, ananipasulia na kuni bila kuombwa.

Namsikia sasa hivi, anapasua.

Na shati langu limelowa chini ya kiwiko.