Povu Kwenye Mrija wa Kinyozi

Kinyozi alikuwa na wateja wengi na inveta moja. Inveta ni kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri ukafaa kuendeshea mashine. Umeme wa mtaani ukikatika, inveta yake ilifanya kazi nusu saa tu, ikapata moto, ikajizima. Mteja alibaki na nywele upande mmoja. Wawili walikwisha kuhamia kwa kinyozi mwingine. Mkewe, aliyepasha maji ya taulo kwenye jiko la mafuta mle mle ndani, akaanza kumwita Bwana Nusu.

Kinyozi hakuwa mtu wa kushindwa na kisanduku. Alisoma mahali kwamba mrija wa shaba uliozibwa pande zote, wenye kimiminika kidogo ndani, huhamisha joto. Kimiminika huchemka upande wa joto, mvuke hupanda upande wa baridi, hupoa, hurudi chini. Hauhitaji feni. Kilichobaki ni kuchagua kimiminika. Akawaza kwamba gesi ya kujazia viberiti ikimwagika mkononi ni baridi kama barafu. Basi ndiyo hiyo. Akalehemu valvu ya baiskeli mdomoni mwa mrija, akaujaza, akauegemeza ukutani karibu na jiko.

Fundi friji wa mlango wa pili aliingia kurudisha mkasi. Alikuwa mama wa maneno mengi, lakini siku hiyo hakusalimu. Alinusa, akainama, akazima jiko.

"Tokeni nje. Mtu asiguse swichi."

Mteja aliyekuwa kitini alitoka na shuka shingoni. Kinyozi alitaka kucheka, ila uso wa yule mama ulimkata kicheko. Mama aliacha mlango na madirisha wazi, akautoa mrija uwanjani, mbali na moto wowote, akaomba brashi ya ndevu yenye sabuni. Akaipaka valvu. Povu likavimba taratibu kama shavu la mtoto anayepuliza puto. Likapasuka. Likavimba tena.

Kinyozi akageuka kumtazama mkewe.

"Uliijaza saa ngapi?" mkewe aliuliza.

"Asubuhi."

"Nami nimewasha kiberiti mara tatu."

Hakupaza sauti. Heri angepiga kelele.

Fundi aliacha gesi yote itoke pale nje, kisha akawaeleza. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni mpaka ikutane na moto au cheche ya swichi. Ikipata joto la inveta, husukuma mrija kwa ndani mpaka kiungo kiachie.

"Sasa nitie nini, fundi?"

"Maji."

Kinyozi alidhani anachezewa. Maji yanataka moto wa jiko, alisema, si joto la inveta.

Fundi hakubishana. Alileta bomba la sindano lisilo na sindano, akavuta maji ya moto kidogo, yale ambayo mkono unayavumilia. Akatoa hewa yote, akaziba tundu kwa kidole, akavuta mpini kwa nguvu. Maji yakachemka. Yalichemka kweli, kwa mapovu, mkononi mwake, wala hayakumuunguza.

"Umetia nini humo?" kinyozi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sijatia kitu. Pasipo na hewa ya kuyagandamiza, maji huchemka kwa joto dogo."

Fundi alitengeneza mrija mpya kwa mkono wake. Alitia kijiko cha maji safi, akayachemsha mdomo ukiwa wazi mpaka mvuke ukafukuza hewa yote. Akautoa motoni, hapo hapo akabana mdomo kwa koleo na kuulehemu. Mrija ukishazibwa, alionya, usirudishwe motoni kamwe, na kazi ya kuziba aachiwe fundi.

Upande wa chini walifunga kwenye inveta, wa juu wakautoa dirishani. Kesho yake umeme ulikatika saa mbili nzima. Inveta ilipata uvuguvugu tu. Watu wanne walinyolewa mpaka mwisho.

Wa nne, fundi redio, alitazama mrija, akataka kujua umejazwa gesi gani. Mke alikuwa akikunja taulo. Kinyozi alizima mashine.

"Ni maji, kaka. Mwanzo nilitia gesi ya viberiti. Nusura nimuue huyu mke wangu unayemwona."