Kulabu za Bulaimu

Sharifa alilala kifudifudi chini ya dirisha, kiganja kimoja kikigusa ukuta. Kando yake ilikuwa mbabula yenye makaa yaliyozimika, na juu yake sufuria ya maharage yaliyoungua. Mwili haukuwa na jeraha. Inspekta Musafiri alikagua, akatoka akikohoa.

"Moshi wa makaa," alisema.

"Alijiua, shefu," alidakia mumewe Bulaimu, karani wa reli. "Alijifungia mwenyewe. Mimi nilikuwa salongo. Mutaa muzima uliniona!"

Salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, haikuwa na mchezo. Ukidanganya wakati wa kuita majina, unalala kasho, selo ya polisi, na kiboko unakionja.

Uani aliketi Jamila, mama wa marehemu. Hata maji alikataa.

"Watamuzika baada ya alasiri, na wanasema alijiua. Mutoto yangu? Hapana! Baba, usiache azikwe na hiyo aibu."

Musafiri alizunguka nyuma ya nyumba. Dirisha lilikuwa na nondo, na nje yake pazia la mianzi lililoshonewa turubai. Chini lilibanwa na njiti mbili za gurudumu la baiskeli, zilizopindwa zikawa kulabu. Kazi safi, haki ya Mungu!

"Nani alitengeneza?"

"Mimi. Upepo wa mto ulikuwa unalipeperusha."

"Ingia ndani, uzifunge."

Bulaimu alipenyeza mkono kati ya nondo. Vidole viligonga turubai, basi; kulabu za nje havikuzifikia.

"Njia ya mwongo fupi," alisema Musafiri. "Mlango una funguo ngapi?"

"Moja."

"Huo ufunguo ulikuwa wapi?"

"Mufukoni mwangu."

Jirani yao, Aziza, alijitokeza kati ya watu waliokusanyika.

"Nilirudi kuchukua jembe, nikasikia kitu kinagonga ukuta. Nilifikiri iko mbuzi. Sharifa tulijua alisafiri, iko Lokandu!"

"Nani alisema?"

"Bwana yake. Pale walipoita majina."

Musafiri alimgeukia Bulaimu. Hasira ilimpanda, hakuificha.

"Jirani yuko hatua kumi. Mbona mkeo hakupiga kelele?"

Bulaimu akaanguka magotini, akalia.

"Ni wivu, shefu! Kule salongo wanawake wanafagia, wanaume wanawakodolea macho. Nikamuficha. Hata kupika nje nilimukataza. Mbabula nilimuingizia mimi."

"Sijauliza hilo. Mbona hakupiga kelele?"

"Nilimuambia: wakikusikia, watajua nilidanganya, watanifunga. Nyamaza mupaka nirudi."

"Naye akanyamaza."

"Njo vile, shefu. Akanyamaza."

Musafiri alimfunga pingu. Jamila aliinuka, akawaambia wanawake walete maji ya kumwoshea binti yake. Kisha akamsogelea mkwewe.

"Hakujiua," alisema. "Alikufa anakulinda wewe."